Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msikiti wa Kizimkazi na Kibao Chetu

Waheshimiwa wanachama,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ziara za wanafunzi wa skuli, usafi wa makaburi ya kale na hesabu za mwaka zimo katika ripoti za katibu na mhazini, kwa hiyo sitazirudia. Nitazungumzia Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, maana huo ndio uliotugawa mwaka huu.

Chanzo kilikuwa kibao. Tulikusudia kuweka maelezo mafupi kwa wageni, na rasimu ya mwanzo ikaandikwa kwamba huu ni msikiti wa kale kuliko yote Afrika Mashariki, uliojengwa mwaka 1107 na Washirazi, yaani watu wanaosimuliwa kuwa walitoka Shiraz, Uajemi. Kikao kilivunjika siku hiyo hiyo. Baadhi walisema rasimu iko sawasawa, ndivyo walivyopokea kwa wazee wao. Wengine wakasema tumechoka kuambiwa kwamba kila kizuri cha pwani kililetwa na jahazi. Sikushangaa hasira zilipopanda. Hapa Unguja habari za Ushirazi hazikubaki vitabuni. Ziliingia kwenye siasa, na mwaka 1957 zikaingia hadi katika jina la chama, Afro-Shirazi. Ukimgusa mtu hapo umemgusa babu yake.

Tukakubaliana kuacha kuulizana ukoo na kutazama msikiti wenyewe.

Kwa nje hakuna cha kumsimamisha mpita njia: kuta nyeupe na paa la mabati. Ndani, kwenye mihrabu na ukuta wa kibla, ndipo penye mambo. Maandishi ya hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yamechongwa kwa namna ambayo herufi zake zinachipua majani mwishoni, na anayesoma Kiarabu cha leo huduwaa mbele yake. Yanataja mwezi wa Mfunguo Pili mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. S. Flury aliyachambua na kuyachapisha mwaka 1922, na wataalamu waliofuata wameona udugu wake na mawe ya Siraf, bandari ya Uajemi katika Ghuba. Ndugu zetu wanaotetea Ushirazi wanaliegemea hilo, na wana haki. Mwandiko wa namna ile haujiotei tu ufukweni.

Lakini jiwe lenyewe ni tumbawe. Tumbawe la kuchonga hukatwa chini ya maji, likiwa laini kiasi cha kupitika kwa kisu, likachongwa bado lina unyevu, na likikauka huwa gumu. Miamba yetu inalo. Sioni sababu ya mtu kulibeba kutoka Ghuba alilete kwenye kisiwa kilichozungukwa na tumbawe. Tena vipande vya maandishi ya mtindo huo vimepatikana Tumbatu pia, kwa hiyo si kazi ya mara moja iliyodondoka Kizimkazi peke yake. Mimi naona kulikuwa na mafundi waliofanya kazi hii hapa hapa visiwani. Kwamba fundi mkuu alizaliwa Siraf, au alizaliwa Unguja akafundishwa na aliyetoka Siraf, jiwe halikutuandikia.

Halafu kuna tarehe ya pili, ambayo rasimu yetu iliiruka kabisa: 1184 Hijria, takriban 1770. Ni tarehe ya kujengwa upya, na sehemu kubwa ya jengo tunaloliona ni ya karne hiyo ya 18. Waliojenga upya waliyahifadhi mawe ya zamani. Kwa maneno mengine, tuligombana juu ya nani kajenga kuta ambazo nyingi zake hazikuwepo mwaka 1107.

Kuhusu "wa kale kuliko yote", hapo hapana mjadala. Shanga, katika visiwa vya Lamu, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti juu ya misikiti, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Kizimkazi haupungukiwi chochote kwa kuwa mdogo kuliko Shanga. Fahari yake ni tarehe iliyochongwa, ambayo misikiti mingi ya pwani haina.

Wapo waliotaja Mwaka Kogwa wa majirani zetu Makunduchi, kwamba asili yake ni Nairuz, mwaka mpya wa Waajemi. Ni kweli, ila kalenda husafiri na mabaharia na upepo wa kaskazi. Haihitaji fundi wa kujenga. Wengine walileta utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2023, uliochunguza mifupa ya watu wa kale wa miji kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Ulionesha kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 wanaume wengi wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Kambi zote mbili zilishangilia kikaoni, kila moja ikisoma nusu yake.

Kisa cha mfalme Kizi na fundi wake Kazi, chenye mkono uliokatwa, na pia nyuki waliofukuza maadui, tumeamua kibaki kwenye kibao kama hadithi ya wenyeji, na kiitwe hadithi. Watembezaji wageni wanakipenda, na wazee wa Dimbani wanakisimulia vizuri kuliko sisi.

Rasimu mpya itataja tarehe zote mbili, jiwe la tumbawe na udugu wa mwandiko na Siraf. Mjenzi hatumtaji kabila. Kabla ya kuchongwa kibao, itasomwa mbele ya kamati ya msikiti na kupelekwa idara inayosimamia mambo ya kale, maana msikiti unaswaliwa na si mali ya chama.

Kamati ya msikiti imetulalamikia kwamba baadhi yetu tuliingia kupiga picha wakati watu wanaswali, na wengine tukapapasa herufi kwa vidole. Malalamiko ni ya haki. Tangu sasa hatuendi bila kumtafuta kwanza mwenye funguo, na mihrabu haishikwi.

Fedha za kibao bado hazijatimia. Wenye ada za nyuma wamwone mhazini kabla ya kuondoka leo.