Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Wasaidizi wa Kisheria kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, wajumbe wa Baraza la Kata na wa Mabaraza ya Ardhi ya Vijiji, wakufunzi wetu, wazazi, mabibi na mabwana:

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kuja kutukabidhi vyeti. Tumefundishwa mengi, lakini muda tuliopewa tumeona tuutumie kwa jambo moja, yaani usuluhishi wa migogoro ya ardhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ibara ya 107A ya Katiba inaitaka Mahakama, pamoja na mambo mengine, kukuza na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Huku vijijini, Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo haliamui tena nani mwenye ardhi. Linasuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri mpaka lithibitishiwe kwa hati ya Baraza la Kata kuwa suluhu imeshindikana. Isipokuwa siku 30 zikipita mgogoro haujamalizwa, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda wilayani bila hati hiyo. Wananchi wengi tuliokutana nao hawajalijua badiliko hili. Huja barazani na mashahidi wa kumshinda mwenzao, na wakiambiwa wakae wazungumze huona wamenyimwa haki.

Katika mafunzo kwa vitendo tulihudhuria shauri la majirani wawili waliogombea hatua tatu za ardhi baada ya minyaa ya mpakani kung'olewa. Kila mmoja alikuja na wazee wake, akiwa ameapa kutorudi nyuma hata unyayo. Mwenyekiti hakuanza na mpaka. Alimwuliza mama aliyelalamika angezifanyia nini hatua hizo, naye akajibu kuwa ndiyo njia yake ya kisimani, na tangu ipandwe mihogo huzunguka mbali na ndoo kichwani. Jirani naye akasema alichohofia ni mihogo yake kung'olewa kabla haijakomaa. Siku ile ile njia ilifunguliwa pembeni mwa mihogo, na wote wakaafikiana mahali pa kupanda minyaa mipya baada ya mavuno. Makubaliano yaliandikwa, yakasomwa kwa sauti, ndipo yakatiwa saini.

Hata hivyo, si kila kinachoitwa suluhu ni suluhu, na hili tunalisema kwa uchungu. Tumeona mjane akiwa ameketi peke yake mbele ya shemeji zake, akaulizwa kama anakubali kuwaachia shamba alilokuwa akililima na marehemu mumewe, naye, bila kuinua macho, akajibu, "Yaishe tu." Akaletewa karatasi, akaweka dole gumba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, wala mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Kwa maoni yetu, msuluhishi aliyeiona hofu ile na bado akaendelea kuandika hakutimiza wajibu wake. Alipaswa kuahirisha kikao, kuzungumza na mama yule faraghani, kumweleza haki yake, na kumwachia njia ya kwenda mbele kisheria kama ndiyo aliyoitaka. Tunaongeza pia kwamba kesi za ubakaji si za kumalizwa na wazee wa familia. Hizo ni za polisi na mahakama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi hatutoi hukumu, hatumwakilishi mtu mahakamani, wala hatumtozi mwananchi fedha. Kazi yetu ni kuelimisha, kuelekeza na kuwashauri wanaogombana watafute mapatano. Ili tuifanye ipasavyo, tunaomba ofisi yako iagize badiliko la mwaka 2021 lielezwe katika mikutano mikuu ya vijiji vyote, na mabaraza yapatiwe madaftari na chumba chenye faragha, kwani mashauri mengine husikilizwa chini ya mwembe huku kijiji kizima kikitazama. Zaidi ya yote, tunaomba mjane asihojiwe kuhusu ardhi yake kabla hajaulizwa kama anataka mtu wa kuketi naye. Sisi tuko tayari kuketi naye, hata kuanzia kesho.

Tunaomba kuwasilisha.