Bado Anahesabu Vidole? Mcheze Naye Kumi

Mzazi anapotuletea mtoto wa miaka sita au saba, lalamiko huwa lilelile: bado anahesabu vidole. Tunamwomba asimkataze. Vidole ni hatua, na mtoto akikatazwa huvihamishia chini ya meza, sasa akiwa na hofu juu yake. Shida ni kwamba kila hesabu kwake inaanzia mwanzo. Muulize 8 na 7, ataanza moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tano, na akifika huko huenda ameshasahau swali. Akipewa hesabu ya mafumbo, akili yote inaishia kwenye kujumlisha. Ya kufikiria fumbo lenyewe haibaki.

Wengi hukimbilia kumkaririsha. Hesabu za kujumlisha kuanzia 1+1 hadi 9+9 ni 81, na kuzimeza moja moja kunachosha. Lakini mtoto akiona kwamba 3+8 na 8+3 ni kitu kimoja, zinabaki 45. Ondoa za kuongeza moja, maana huko anataja tu namba inayofuata. Ondoa pacha kama 4+4 na 6+6, ambazo watoto wengi huzishika mapema, kisha jozi zinazofanya kumi. Zimebaki 25, na nyingi kati yake zinaegemea hizo alizokwisha kuzijua: mwenye 6+6 anapata 6+7 kwa kuongeza moja, na aliyeizoea kumi huona kwamba 9+6 ni sawa na 10+5.

Ndiyo maana sisi tunaanzia kumi. Weka vifuniko kumi vya chupa mezani, mtoto avihesabu mwenyewe. Afumbe macho, nawe ufiche baadhi chini ya kikombe. Akifumbua anaona sita. Vilivyofichwa ni vingapi? Anataja, anafunua, anaona mwenyewe kama amepata. Tunaupenda mchezo huu kuliko yote kwa sababu kikombe ndicho kinachosahihisha, wala hakuna mtu mzima wa kumkunjia uso. Halafu mbadilishane: yeye afiche, wewe utaje, na mara mojamoja ukosee makusudi. Utaona anavyofurahi kukurekebisha! Bila kuambiwa, anajifunza pia kutoa, kwani 10 toa 6 ndiyo ile 4 iliyokuwa chini ya kikombe.

Dadu nayo ina mengi. Mwanzoni mtoto hugusa kila nukta. Baada ya muda anaitambua tano kwa kuitazama tu. Kwenye dadu ya kawaida, pande mbili zinazotazamana hufanya saba. Ikionyesha 2, mwache abashiri upande uliolala mezani kabla ya kuigeuza. Akiwa tayari, mpe dadu mbili ajumlishe. Karata pia zinafaa: chukua za namba 1 hadi 9, zifunikeni, mtafute jozi za kumi kwa zamu.

Kitu tusichokiruhusu kwenye vipindi vyetu ni saa ya kuhesabu sekunde. Mtoto mwenye wasiwasi anatumia kuogopa ile nafasi ya akili aliyoihitaji kukokotoa. Kasi inakuja yenyewe akishazoea. Badala ya "haraka!", muulize "umejuaje?", hata pale alipopata, maana anapoeleza njia yake ndipo inapokaa.

Dakika kumi kila siku zinatosha, na ni bora kuliko saa nzima ya mwisho wa wiki.

Kipindi cha kwanza kwetu hakina mtihani. Tunacheza na mtoto huku tukitazama: je, anaanzia moja, anaendelea kutoka namba kubwa, au jibu linamjia papo hapo? Kisha tunampa mzazi michezo miwili ya kucheza nyumbani, inayolingana na hatua aliyopo mtoto. Hakuna kifaa cha lazima kununua kwetu. Njoo na mtoto akiwa ameshakula na kupumzika, na kama kuna mchezo anaoupenda tayari, aje nao. Mara nyingi huo ndio tunaoanza nao.