Tuache kuwafundisha wanafunzi chmod 777

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie jambo moja wale wanaowafundisha vijana wetu kutumia seva za pamoja za Linux, yaani kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi, vyuoni na katika taasisi za utafiti. Mwanafunzi akikutana na maneno Permission denied (huna ruhusa) kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, mara nyingi huambiwa: andika chmod 777, itafunguka. Itafunguka kweli, tena kwa kila mwenye akaunti kwenye mashine hiyo. Ushauri huo ni mbaya na ukome.

Amri ya chmod hubadilisha ruhusa za faili au folda. Katika namba yake, tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kikundi, ya tatu ya wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1. Zikijumlishwa ni 7. Kwa hiyo 640 maana yake mwenyewe anasoma na kuandika, kikundi kinasoma tu, wengine hawapati kitu. Kwa folda, ile 1 ni ruhusa ya kuingia.

Linalowapita wengi ni hili: ruhusa ya kufuta faili haiko kwenye faili lenyewe, iko kwenye folda lilimokaa. Unaweza ukalifunga faili lako la data kwa 400, lakini likiwa ndani ya folda ya 777, mtumiaji yeyote analifuta. Wala hahitaji kuwa na nia mbaya. Aliyekusudia kuandika rm -f jaribio*, yaani futa kila faili ambalo jina lake linaanza na jaribio, akiteleza kidole, ikawa rm -f jaribio * yenye nafasi katikati, nyota imebaki peke yake, na nyota peke yake ni kila faili lisilofichwa lililopo hapo. Amri ya rm haina kapu la taka. Ndiyo maana folda ya /tmp, ya faili za muda, ambayo lazima iwe wazi kwa wote, huwekwa 1777: ile 1 ya mbele humzuia mtu kufuta kisicho chake. Na kabla ya rm yenye nyota, andika kwanza ls jaribio*, ambayo huorodhesha tu majina, tazama kilichotajwa, kisha bonyeza mshale wa juu ubadilishe ls iwe rm.

Anayeweka 777 kwenye folda yake ya nyumbani huumia mapema zaidi. Kwa kawaida SSH, programu ya kuingilia kwenye seva kutoka mbali, hukagua folda hiyo, na ikikuta wengine wanaweza kuandika humo, hukataa ufunguo wake, yaani faili linalomtambulisha badala ya nywila, bila kumweleza sababu.

Njia sahihi haichukui muda. Msimamizi aunde kikundi, tuseme mradi, awaingize wahusika. Kila mmoja atoke kwenye seva, aingie upya, aandike id aone kama jina la kikundi lipo. Hapa ndipo watu hukwama: bila kutoka na kuingia tena, kikundi kipya hakifanyi kazi, mtu anadhani imeshindikana na kurudi kwenye 777 yake. Kisha mwenye folda, tuseme inaitwa data, aandike chgrp mradi data ili iwe ya kikundi hicho, halafu chmod 2770 data. Ile 2 ya mbele hufanya kila faili jipya humo lirithi kikundi cha mradi. Bado kuna umask, namba inayotaja ruhusa zinazoondolewa kwenye kila faili jipya: ikiwa 0022, wenzako watasoma faili lako jipya lakini hawataweza kuliandika, kwa hiyo andika umask 007 kabla ya kuanza kazi humo. Na faili la kutoka nyumbani lilete kwa cp (kunakili), si kwa mv (kuhamisha), kwa sababu mv hulihamisha na kikundi chake cha zamani.

Kazi nzito nayo ina adabu yake. Linganisha mzigo wa mashine unaoonyeshwa na amri ya uptime na idadi ya viini vya kichakataji inayotolewa na amri ya nproc. Mzigo ukiwa umeshaipita, subiri, au endesha kazi yako kwa nice -n 19, inayoipa kipaumbele cha chini kabisa, ili ya wenzako itangulie.

Wahadhiri, futeni 777 kwenye maelezo mnayogawa darasani. Wasimamizi, endesheni find /home -type d -perm -0002 wiki hii hii. Itawatajia kila folda iliyo chini ya /home ambayo mtu yeyote anaweza kuandika ndani yake. Mjulisheni mwenyewe, kisha ifungeni kwa chmod o-w, inayowaondolea wengine ruhusa ya kuandika.

Msimamizi wa seva,
Morogoro