Lenzi kwanza, kamera baadaye

Ndugu Mhariri,

Makala yenu iliyowashauri wapenzi wa ndege waanze kwa kutafuta kamera yenye megapikseli nyingi imenikumbusha kosa langu. Nami nilianza hivyo hivyo. Akiba yote iliishia kwenye kamera, nikabaki na lenzi fupi iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55. Mwaka mzima nilirudi nyumbani na picha nzuri za miti. Ndege yumo, ila mpaka nikuoneshe kwa kidole.

Ndege hamngoji mtu. Ukisogea hatua tatu, karuka. Kinachokusogeza ni lenzi, na ningesema ianzie milimita 400. Mwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) asijione mnyonge. Sensa ile hukata kingo za picha, hivyo 400 yake huona eneo ambalo mwenzake wa sensa kubwa hulipata kwa 600 hivi.

Kile kipande cha kurefusha lenzi mmekisifu mno bila kutaja kinachokula, yaani mwanga. Cha mara 1.4 hula nusu. Cha mara 2 hula robo tatu, na lenzi ya f/6.3 inageuka f/13 (namba hiyo ya tundu la lenzi ikikua, mwanga hupungua). Alfajiri, saa ambayo ndege ndio wamechangamka, utaipata wapi shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) ya sekunde 1/2000 ya kumgandisha mbayuwayu? Utapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi manyoya yote yawe chengachenga.

Na uzito je? Makala haikuugusa kabisa. Niliwahi kuazima lenzi ya milimita 600 f/4, kilo tatu na ushei. Kwa picha, sina la kuilaumu. Lakini mwewe alipopita juu ya kichwa changu, yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye tripodi, nami nahangaika na skrubu. Nilipoinyanyua kwa mikono, bega likakataa. Sasa natumia 100-400 isiyofika kilo moja na nusu. Mwewe yule (au ndugu yake) nimempata, panya kucha­ni.

Kamera iliyotumika haina aibu, mradi iwe hodari wa kulifuata jicho la ndege. Ijaribuni pia shata yake ya kielektroniki, ile isiyotumia pazia: baadhi huyapinda mabawa kwenye picha yakawa kama ndizi.

Namwomba mwandishi wenu avibebe vifaa anavyovisifu kwa saa nne mfululizo, kisha atuandikie tena.

Msomaji wenu,
Mwenye bega bovu