Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nembo Peke Yake Haitoshi

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa ukaguzi wa kamera za kale, na mijadala mingi iliishia kwenye Leica, kamera ya Kijerumani. Kamera zenye tai na maandishi ya Luftwaffen-Eigentum (mali ya jeshi la anga la Ujerumani) zinazidi kuletwa mezani. Kamati imeamua kwamba nembo peke yake haihesabiki kuwa ushahidi, maana fundi yeyote mwenye mashine ya kuchonga anaiweka. Nyingi ni FED au Zorki za Kisovieti zilizopakwa rangi na kuandikwa upya.

Anza kukagua mahali ambapo mghushi hajisumbui napo. Zungusha lenzi kinyume cha saa mpaka itoke, kisha chungulia ndani, sehemu ya juu ya mdomo wa kamera. Mkono wa kipima umbali wa Leica huishia na kigurudumu kidogo kinachozunguka. Wa FED na Zorki za kwanza ni kipande cha chuma chenye ncha. Sasa geuza mgongo. Leica IIIc, iliyoanza kutengenezwa 1940, ina matundu mawili ya kutazamia yaliyokaribiana. Ya FED ya kwanza yameachana. Mbele lazima kuwe na gurudumu la kasi za polepole za shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu. Kwenye kamera ya kughushi halipo, au limebandikwa tu na halizunguki. Kasi ya juu ya IIIc ni 1/1000 ya sekunde, FED ya kwanza huishia 1/500, ingawa namba hizo nazo huchongwa upya. Herufi K mwishoni mwa namba ya kamera huashiria shata yenye beringi za golori. Wauzaji wanaipenda mno. Isikupandishie bei kabla kigurudumu hakijaonekana.

Kuhusu utafiti wa huku kwetu: Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916, na kila Vest Pocket Kodak, kamera ndogo ya mfukoni, inayoibuka kandokando ya ziwa husemekana ilikuja na vita ile, Vita vya Kwanza vya Dunia. Huenda. Ila yenye kidirisha mgongoni na kijiti cha chuma cha kuandikia ni ya aina ya Autographic, iliyoanza kuuzwa 1915, kwa hiyo simulizi ya kwamba iliokotwa 1914 haisimami. Kijiti mara nyingi kimeshapotea. Filamu yake ni namba 127, picha 8 za sentimita 4 kwa 6.5. Kabla ya kuitia, ingiza tochi ndogo ndani ya mvukuto, ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na mwili wa kamera, ukiwa gizani. Matundu hutokea kwenye kona za mikunjo.

Unyevu wa ziwa umetuharibia zaidi kuliko waghushi. Ukipita asilimia 60 kwa muda mrefu, kuvu huota kwenye lenzi kama utando wa buibui, na tindikali yake ikishakula kioo hakuna dawa. Tumia boksi la plastiki linalofunga sawasawa, silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) na kipima unyevu, ulenge asilimia 40 hadi 50. Ukikausha kupita kiasi, ngozi hupasuka. Mfuko wa ngozi wa kamera usiuweke humo, unatunza unyevu. Kuvu changa husafishwa kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na amonia ya nyumbani, kiasi sawa, kwa pamba iliyokamuliwa. Changanya kidogo cha kutosha kazi hiyo na usikifungie kwenye chupa, kwani gesi huipasua.

Hesabu za ada zitasomwa na mhazini. Wenye kamera za kukaguliwa mkutanoni waje nazo zikiwa hazina filamu, na lenzi imeshalegezwa.

Mwenyekiti