Miche Sita kati ya Arobaini

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu Lusajo,

Ugonile, baba. Huku hatujambo, ila baridi imepania. Ukungu umeshuka tangu saa tisa, mlima hauonekani, na miguu yangu iko karibu na jiko la mkaa kiasi kwamba baba yenu ameuliza kama nachoma soksi. Dada yako Neema anasema ningekutumia ujumbe wa sauti yakaisha. Nimekataa. Ujumbe wa sauti utausikiliza umesimama kwenye daladala, ukifika Ubungo umeshausahau. Barua utaisoma umekaa.

Jumatano uliponipigia ulisema mambo mawili: umeshika sapu mbili za hesabu, na wenzako wote wamekuacha. Sapu nilidhani ni ugonjwa. Nililala na hofu mpaka asubuhi, dada yako aliponieleza kwamba ni kurudia mtihani. Hapo nilicheka, nisamehe. Miaka yote hii nimekuwa nikishika sapu na sikujua kama zina jina.

Lile la wenzako sikulicheka. Nimelizungusha kichwani siku nne, shambani na jikoni, na jibu nililopata halimo kwenye maneno ya wazee wala mahubiri ya leo asubuhi. Limo kwenye kaunta buku langu la parachichi, lile lenye jalada jekundu ambalo ulikuwa ukinitania kwamba naandika wosia.

Unaikumbuka ile miche thelathini? Ulikuwa kidato cha pili. Tuliuza ndizi Kiwira wiki baada ya wiki mpaka fedha ikatimia, tukanunua miche ya parachichi aina ya Hass, tukaipanda kule juu ya shamba la chai. Tukasubiri. Matunda yalipokuja yalikuwa makubwa, laini ganda, kijani, yana maji kama tikiti. Kienyeji tupu, si Hass. Aliyetuuzia sitamtaja, simu yake ilishakufa siku nyingi. Baba yenu alitaka kuikata yote iwe kuni. Mimi nikamwomba aniachie, si kwa sababu nilikuwa na mpango, ila nilishindwa kuvumilia kuona miti yenye afya inakatwa kwa kosa la mtu.

Ndipo nikaanza kwenda kwa wale vijana wenye kitalu kule barabarani. Niliwaomba nikae tu, niangalie wanavyobebesha, yaani wanavyounganisha aina moja juu ya nyingine. Walinipa ndoo nikalie. Kijana anashika mche wa kienyeji wenye unene wa penseli, anaukata kichwa, anaupasua katikati, anachonga kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti wa Hass, kama kabari, anakichomeka, anafunga utepe wa nailoni, anachukua mwingine. Ni kama mtu anamenya ndizi. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba ninajua.

Nilijaza viriba arobaini vya miche yangu mwenyewe. Ikashika sita.

Niliandika: arobaini, sita. Niliandika kwa sababu najijua. Bila kuandika, baada ya miezi miwili ningekuwa naambia watu kanisani kwamba ilishika "karibu nusu."

Sasa nakunakilia ukurasa wenyewe, kila mara miche ni arobaini: sita. Tisa. Nne. Kumi na saba. Kumi na tano. Ishirini na sita. Mwezi uliopita, thelathini na tatu.

Tazama hiyo nne. Hiyo nne iliniliza, na baba yenu ni shahidi. Nilikuwa nimetoka sita, nimefika tisa, nikajiona fundi, halafu nne. Ningekuwa naangalia siku hiyo peke yake ningeacha. Lakini kitabu kilinilazimisha niulize: leo nimefanya nini ambacho sikufanya mara iliyopita? Nikakumbuka. Vikonyo nilikata asubuhi, akaja mgeni, nikaviacha kwenye mfuko wa salfeti uani mpaka alasiri. Vilikuwa vimekauka kabla sijavigusa kwa kisu. Mara iliyofuata nilivifunga kwenye kitambaa kibichi, nikabebesha saa ile ile. Kumi na saba.

Mara nyingine shida ilikuwa kisu. Nilikuwa natumia kisu cha jikoni. Kilikuwa kinaponda badala ya kukata, na jeraha lililopondwa halifungi. Mara nyingine shida ilikuwa macho: chini ya ganda la mche kuna utando mwembamba wa kijani, na ule wa kikonyo usipokutana na ule wa mche, angalau upande mmoja, hata ukifunga kwa mnyororo hakishiki. Hilo la utando vijana waliniambia tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimelisikia. Kulisikia na kuliona kumepishana karibu mwaka mzima.

Nilijiwekea sharti moja: kila awamu nabadili kitu kimoja tu. Nikibadili kisu na kitambaa na saa kwa pamoja, ikishika sitajua kilichosaidia ni kipi. Ni mwendo wa kinyonga, nakubali. Jioni nilikuwa nachonga vijiti vya mkaratusi hapa hapa jikoni ili mkono uzoee kukata mara moja bila kurudia, na vijiti vyenyewe vinaenda kuwasha moto. Neema alisema nimekuwa kama mtoto mwenye wembe. Lakini nakwambia, siku mkato wa kwanza ulipotoka laini kabisa, umenyooka, unang'aa, nilikaa nao mkononi kama mtu aliyeokota pete. Hakuna aliyeuona. Mche ule wala haukushika. Furaha yangu haikupungua.

Wale vijana wa kitalu, wao kati ya arobaini wakipoteza miwili wananung'unika. Nikijipima kwao, mpaka leo mimi ni wa mwisho darasani, na nywele zina mvi. Kwenye kaunta buku hawamo. Sikuwaandika.

Sasa nikupe la uchunguzi wangu, kwa sababu hili sijamweleza mtu na linanikereketa kulisema.

Mti wa parachichi ukichanua, unajaa maua madogo ya rangi ya njano na kijani, mengi mno, na yanaanguka. Nilikuwa nikiyafagia na kusikitika. Siku moja nilikaa chini ya ule mti wa Hass wa jirani yetu nikinywa chai, nikaona maua yaliyokuwa wazi asubuhi, mchana yamefunga. Nikajiuliza, yamekufa? Kesho yake nilichukua uzi mwekundu wa kushonea, nikayafunga maua matano yaliyokuwa yanafunguka kwa mara ya kwanza. Mchana yakafunga. Siku ya pili, mchana umeanza kuinama, yale yale yenye uzi yakafunguka tena! Ila sasa yamebadilika, yana vumbi la chavua ambalo jana halikuwepo.

Nilikimbia kitaluni kama mtu aliyeona moto. Kijana mmoja aliyesoma kilimo akacheka, akasema, mama, umelijua bila kufundishwa: ua la parachichi siku ya kwanza linafunguka likiwa jike, linafunga, siku ya pili linafunguka dume. Hass hufunguka jike asubuhi. Kuna aina nyingine, kama Fuerte, ambazo hufunguka jike mchana na kuwa dume asubuhi inayofuata, ndiyo maana watu huzichanganya shambani ili nyuki wakitoka huku wakute mlango wazi kule. Na baridi ikizidi, kama hii yetu, ratiba yote inavurugika. Pamoja na nyuki wote hao, katika maua elfu moja likibaki tunda moja, shukuru.

Kumbe jambo lenyewe lilishajulikana zamani na limeandikwa vitabuni. Ungedhani ningevunjika moyo. Hata kidogo. Lilikuwa limejulikana, lakini halikuwa limejulikana na mimi.

Neema naye akanisomea habari ya Hass kwenye simu usiku umeme ulipokatika. Nilidhani Hass ni kampuni. Kumbe ni mtu, Rudolph Hass, mpeleka barua wa posta huko California, Marekani. Miaka ya 1920 alipanda mbegu, akataka kubebesha juu yake hiyo Fuerte iliyokuwa ikipendwa wakati ule. Mche mmoja ukakataa. Akarudia, ukakataa tena. Akataka kuung'oa, fundi aliyekuwa akimsaidia akamshauri auache uote unavyotaka. Ukazaa tunda la ganda gumu linalogeuka jeusi, na watoto wake wakasema ndilo tamu kuliko yote. Mwaka 1935 akalisajili kwa jina lake. Ule mti mama ulikatwa mwaka 2002, maradhi ya mizizi, lakini kila Hass unayoiona, ya Rungwe, ya Njombe, ya Peru, ni kikonyo cha kikonyo cha kikonyo cha mti ule mmoja. Nilimwambia Neema asome tena pale pa kubebesha kukakataa. Alisoma mara tatu.

Na usidhani mambo ya kushangaza yako Marekani au huko Dar. Kule juu mlimani kwetu kuna yule kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja miaka na miaka, na sauti yake ya kama honi. Watafiti walisikia habari zake mwaka 2003, wakapanda kumtafuta, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kwamba kumepatikana kima mpya. Mpya! Babu yako aliyekupa jina angecheka mpaka akohoe.

Turudi kwako. Wewe ulikuwa mtoto wa kuuliza mpaka watu wanakimbia. Mlipopelekwa na shule kuona Daraja la Mungu kule mto Kiwira, wenzako walirudi wanazungumzia soda. Wewe uliniuliza kama maji yalipita chini ya jiwe kabla jiwe halijawa daraja, sasa yalipitaje? Sikuwa na jibu, nikakutuma kuni. Nimejutia zile kuni. Ulifungua redio ya baba yenu ukachapwa, na kesho yake ukaifunga ikaimba, imebaki skrubu moja ambayo mpaka leo ipo kwenye kikombe cha vifungo.

Yule mtoto yuko wapi? Jumatano sikumsikia kwenye simu. Nilimsikia mtu anayehesabu nani amepata mafunzo kwa vitendo wapi, nani amenunua pikipiki, nani ameweka picha gani. Hiyo ni kaunta buku ya watu wengine, na wala hawakukuomba uwaandikie.

Nina ombi, na hili ndilo lililonikalisha hapa. Usiniambie kwamba hesabu zinakushinda. Hesabu ni kubwa, ni kama kuniambia mlima unakushinda. Chukua swali moja ulilokosa, ulifanye polepole mpaka pale kalamu inaposimama, halafu niandikie ilisimama mstari wa ngapi. Sitaelewa kilichoandikwa. Namba ya mstari nitaielewa. Wiki ijayo niandikie tena. Ikiwa mara ya kwanza ulisimama wa tatu na mara ya pili wa tano, mimi huku nitachinja kuku. Ikishuka mpaka wa pili, niandikie hivyo hivyo, usinifiche, na uniambie vikonyo ulikuwa umeviacha wapi.

Na utafute kitu ambacho hakina mtihani. Feni ya chumbani kwenu, taa za barabarani, chochote. Ukifunge uzi mwekundu.

Nimempa kondakta wa basi la kesho kiboksi, namba ya basi Neema atakutumia kwenye simu. Kuna maparachichi kumi na mawili. Ni ya ile miti ya yule tapeli: matawi tuliyoyakata na kuyabebesha upya yameanza kuzaa, na haya niliyaacha juu makusudi kwa ajili yako, kwa kuwa parachichi haliivi mtini, linaanza kulainika likishachumwa. Yatafika magumu kama mawe. Usiyabonyebonye kila saa. Yageuke meusi kwanza, na mwenzako wa chumbani asikwambie yameoza. Matatu mpelekee shangazi yako Temeke, usile yote ukasema yalipotea njiani.

Mbegu moja usiitupe. Ioshe, iweke kwenye kopo lenye udongo, upande mpana chini, ncha ichungulie juu, umwagilie. Mimi nitapanda yangu siku utakayonipigia kwamba umepanda. Hapa kuna baridi, huko joto linatokota. Nataka kujua itapasuka kwako siku ya ngapi na kwangu siku ya ngapi. Nimeshachora mistari ukurasa wa nyuma, upande wa kushoto Tukuyu, wa kulia Dar. Upande wako mtupu.

Mkaa umeisha na baba yenu anakoroma.

Mama yako