Nichapishe riwaya ya mapenzi kwa ajili ya nani?

Shikamoo dada mhariri,

Ninaandika hadithi za mapenzi na kuziuza mwenyewe kwenye makundi ya WhatsApp. Msomaji analipa shilingi 2,000 kwa simu, namwingiza kundini, na kila siku baada ya Isha natuma sehemu moja mpaka hadithi iishe. Ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba hapa Tanga. Sasa nataka kuchapa kitabu changu cha kwanza cha karatasi, na kila kundi la wasomaji linanivutia upande wake.

Hadithi inamhusu binti wa Pangani anayeolewa na dereva wa malori ya Tunduma. Ugomvi umezuka kwenye sura ya usiku wa harusi. Kungwi anamfukiza udi, anamvika kikuba cha asumini, anamweka tayari. Bwana harusi anaingia, maneno yote yamemkauka mdomoni, anaishia kumuuliza kama amekula. Binti anacheka. Mlango unafungwa, na sura imekwisha.

Akina mama wa makamo walinitumia ujumbe wa sauti, mmoja analia kabisa, akisema marehemu mumewe naye alimuuliza hivyo hivyo. Vijana wakaja juu: "Mwandishi mbona unatupa arosto?" "Lete vitu, tumelipia halafu unatufungia mlango?" Wengine wamehamia kwa wanaouza zile za chumbani waziwazi.

Hizo siandiki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia mtandaoni, na hata isingekuwepo, mimi naamini lile swali la kama amekula limebeba mapenzi kuliko kurasa kumi za kuvua nguo. Lakini siwadharau vijana. Nikiwasikiliza vizuri, wengi wao hawaombi uchi. Wanataka wapenzi wanaoishi kama wao: meseji za saa nane usiku, tiki za bluu zisizo na jibu, nauli iliyotumwa na mgeni asifike. Aliyekulia Mbeya au Mwanza, kungwi na kikuba vinamhusu nini? Maisha yake nayo yana mapenzi, na natamani kuyaandika vizuri.

Kuna wanaume pia. Madereva na walinzi wa usiku wanasoma hadithi za mapenzi kuliko watu wanavyodhani, ila wananifuata pembeni na kuomba nisiwaingize kundini. Mmoja ameniambia kitabu atanunua iwapo jalada halina watu waliokumbatiana, maana atakiweka kwenye dashibodi na tanboi wake atakiona. Na wapo dada zetu wanaofanya kazi za ndani Muscat. Hao wanataka niwasomee kwa sauti wasikilize wakipiga pasi, na ndugu zao huku ndio wanaowalipia.

Mchapaji yeye hana habari na yote hayo. Anataka mwanamke aliyevaa nusu nguo, rangi nyekundu, na neno "usaliti" kwenye jina la kitabu, hata kama ndani hakuna msaliti. Anasema mteja wa stendi anatupa jicho moja tu basi likiwa linaunguruma, na hapo sina cha kumpinga. Ila mama yule aliyelia hatakibeba kitabu cha namna hiyo kwenda nacho kwenye kikoba.

Tena hadithi ya simu haikai vizuri kwenye karatasi. Kwenye simu kila sehemu lazima iishie pabaya, mlango unagongwa au simu inaita, ndipo watu warudi kesho. Nilipompa shangazi yangu, mwalimu mstaafu, mswada mzima, aliniambia milango imegongwa mno mpaka ameacha kushtuka. Ninaunganisha sehemu sasa, ninapunguza hodi, na kazi inapendeza. Nachelea tu kwamba wale waliozoea arosto watakiona kitabu kimepoa.

Nimeangalia jinsi Mills & Boon wanavyofanya, kampuni ya riwaya za mapenzi iliyoanzishwa London mwaka 1908. Wana mifululizo mbalimbali, wa madaktari peke yake, wa kihistoria peke yake, na majalada yanamwonyesha msomaji yupo upande gani kabla hajafungua. Nimefikiria kuwaiga: jina langu moja, mifululizo miwili. Wa akina mama uwe na pindo la kanga kwenye jalada, wa vijana uwe na mchoro mwingine kabisa, na yote miwili isiwe na picha ya watu, ili hata dereva wangu anunue bila aibu. Rafiki yangu anapinga. Anasema nitumie majina mawili, kwa sababu mama akinunua cha vijana kwa bahati mbaya hatarudi tena. Lakini jina la pili litaanza bila msomaji hata mmoja, na mtaji wangu ni wa kuchapa kitabu kimoja.

Ninyi mliowahi kuuza riwaya pendwa mikononi mwenu, mlianza na wasomaji gani? Jina moja lilitosha? Na jalada lisilo na picha ya watu linauzika kweli stendi? Mchapaji anataka malipo ya awali kabla ya Ramadhani, nami nataka vitabu viwe tayari harusi za baada ya Idi zikianza.

Mwandishi wa hadithi,
Tanga